Kava Mia Mbili

Fundi Anaeli hakuwahi kuniita mwanafunzi.
Aliniita "wewe wa gita", kama mtu anayekumbuka deni,
na ada yake ilikuwa betri mbili za redio
kila Jumamosi, kibandani kwake Kiusa,
nyuma ya wauza vitenge,
penye harufu ya risasi ya kulehemu na kahawa iliyolala.

Kibano cha gita lake: penseli ya shule
na mpira wa tyubu ya baiskeli.
Kidole chake cha tatu hakikunjiki,
kilibanwa na behewa stesheni akiwa kijana,
hivyo kila wimbo ulipokihitaji kidole kile
aliacha pengo.
"Usilijaze," aliniambia. "Hapo anakaa mgeni."
Mimi nilikuwa na vidole vyote.
Miaka mitatu nikajifunza kutovitumia.

Siku hizi ukisema jazi watu wanaona miwani myeusi na koti.
Kwake jazi lilikuwa neno la mwisho
kwenye jina la bendi,
lililoandikwa kwa rangi ya mafuta juu ya ngoma kubwa,
na bendi ilivunjika kabla rangi haijabanduka.
Mpiga besi alipanda treni ya Tanga, hakurudi.
Mwimbaji akaokoka.
Yeye akabaki na gita la kati,
lile lisilopigiwa makofi,
lile linalojulikana lilikuwepo
siku likikosekana.

Alifariki Mei.
Nilikuwa Arusha, hotelini,
nawapigia watalii wanaokunywa supu.
Nilipofika Kidia udongo ulikuwa umeshasawazishwa kwa jembe,
tarumbeta za usharika zimerudishwa kwenye mifuko yake,
na migomba miwili imekatwa kupisha watu.

Kibandani ziliachwa redio kumi na saba,
kila moja na karatasi, jina la mwenyewe na ugonjwa wake:
*Inakoroma.*
*Inashika Nairobi tu.*
*Ilinyamaza baada ya msiba.*
Humo ndimo nilimotoa majina ya nyimbo.

Isipokuwa wa tano.
Ule aliupiga peke yake, mlango umefungwa nusu,
sikuwahi kuuliza unaitwaje.
Nikauita *Heshima.*

Studio, Sakina, kijana Lomnyaki akavua spika za masikioni:
"Dada, hapa pana shimo. Niunganishe?"
Acha.
"Na mvua kwenye bati?"
Acha nayo.

Nikampelekea mjane wake.
Simu tuliiegemeza kwenye chupa ya chai.
Nyimbo nne alichambua maharage, kimya,
ungesema anasikiliza taarifa ya bei za kahawa.
Wa tano ulipoanza
akacheka mpaka akashika ubavu.

"Huo? Huo aliupiga sukari ikiisha!
Hakuweza kuniambia. Anakaa mlangoni, anaupiga,
nami najua leo chai ni chungu,
nachukua kikombe naenda kukopa kwa mama Eliapenda.
Na hapo, hapo anaponyamaza,
ndipo nilipomjibu: Nimesikia, Anaeli."

Pengo likaja tena.
Alikuwa amepata kijiwe kwenye maharage,
anakitazama dhidi ya mwanga.
Hakusema kitu.

Kava zilikuwa zimeshachapwa, mia mbili,
*Heshima* kwa herufi za dhahabu.
Usiku ule nikakaa mezani na kalamu ya wino,
nakata, naandika juu yake, nakata, naandika:
*Sukari Imeisha*
*Sukari Imeisha*
mwandiko ukianza kufanana na wa zile karatasi za redio.

Kwenye ya mia na arobaini na moja wino ukakauka.
Nikatoka kununua kalamu nyingine
kabla Mangi hajafunga duka.

Nikanunua na sukari, kilo mbili.